Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Ombi la Hisa Chache

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Dodoma.

YAH: HISA ZA WANAKIJIJI KATIKA UMEME WA MTO PANGANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, tunakupongeza kwa kuyathamini maji yetu. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu huyateremsha kutoka Mlima Kilimanjaro hadi Mto Kikuletwa, yakakutana na ya Mto Ruvu pale Nyumba ya Mungu, kwenye mitambo ya megawati 8. Hayapewi likizo: huendelea hadi Hale, megawati 21, kisha Pangani Mpya, megawati 68, iliyokamilika mwaka 1995. Jumla megawati 97. Ndugu zetu wa Meru na Upare nao wamechangia maji hayo. Wakitaka kuandika barua yao, kalamu tutawaazima.

Wala sisi hatukusahauliwa. Mwaka 1991, Pangani Mpya ikijengwa, ilianzishwa ofisi ya maji ya bonde. Ndipo tukajifunza kwamba mifereji waliyochimba mababu kabla Mjerumani hajafika inahitaji kibali, na kibali kina ada. Tulikuwa tumezoea kumwagilia migomba bila risiti. Mwaka 2005 msitu unaotunza chemchemi ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa, pamoja na ule ukanda wa Nusu Maili uliotengwa mwaka 1941 ili mama zetu wapate kuni na majani ya ng'ombe. Sasa kila tone lina mlinzi na mtoza ada. Kilichobaki ni mgao wetu.

Sababu za kukosa mgao tumeelezwa, na tunaziheshimu.

Kwanza, maji ni mali ya umma. Kweli kabisa. TANESCO nayo hulipa ada ya maji, hatukatai. Tofauti ni ndogo tu: yenyewe hulipa kisha ikauza umeme, sisi hulipa kisha tukanunua kwa LUKU.

Pili, miradi hutuletea madawati na matundu ya choo. Ahsante sana. Lakini zawadi husubiri moyo wa mtoaji, tena huja na mgeni rasmi na hotuba. Gawio husubiri kufungwa kwa hesabu tu.

Tatu, wanakijiji hawawezi kusimamia mali kubwa. Hapo utuwie radhi, tulicheka. Wakulima wa mlima huu waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika wao. Imepata madeni na misukosuko yake, ni kweli, lakini mashirika ya umma nayo tunayafahamu. Na kabla ya kahawa kulikuwa na mfereji: ukoo uliouchimba ndio wenye zamu, na asiyejitokeza siku ya kuusafisha hutozwa pombe ya mbege au hukosa maji. Hizo zilikuwa hisa, ila hazikuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Isitoshe, wazo lenyewe tumelitoa Serikalini. Mwaka 2017 Serikali ilijipatia kwa sheria hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za madini, bila kutoa senti, kwa kuwa mali ya asili ina wenyewe. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Jirani hapo Kajiado, Kenya, wafugaji wa Kimaasai walitengewa asilimia 5 ya umeme wa upepo wa Kipeto kupitia amana yao. New Zealand, Wamaori wa Tuaropaki wanamiliki asilimia 75 ya mtambo wa jotoardhi wa Mokai. Sisi hatuna tamaa ya kiasi hicho.

Tunaomba robo tu ya ile 16: asilimia 4 ya mitambo hiyo mitatu, iwekwe katika mfuko wa vijiji vya bonde zima, na hesabu zake zibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji. Mradi wowote mpya, uwe wa maji, jua au jotoardhi, uandikiwe hisa za wenyeji kabla jiwe la msingi halijawekwa. Mkitujibu kwamba hakuna faida ya kugawana, tutapokea hata hisa za hasara, ili tupate kiti cha kuuliza imetokeaje.

Kama barua hii imekuudhi, tumeambatanisha jani la isale. Kwa Wachaga, anayeletewa jani hilo husamehe, na si vizuri kulikataa.

Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya bajeti ijayo. Ziara ya kuja kutusikiliza haihitajiki. Tumesikilizwa vya kutosha. Tuandikiwe asilimia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa kihamba,
Kibosho, Moshi.