Namna ya Kuringa na Simu Kuukuu

Sogea karibu, ndugu yangu, haya si ya kutangaza sokoni. Jana simu yako ilikuwa nzima. Usiku ikakuomba ruhusa ya kusasisha mfumo, ukakubali huku usingizi umekubana, na asubuhi umeamka na kizee. Unagusa WhatsApp, unakwenda kuchota maji, unarudi, ndiyo kwanza inafunguka. Marafiki pale bandarini Kalundu, hapa kwetu Kongo kando ya ziwa, watakuambia uiuze, uongeze dola kidogo, uchukue mpya. Wasikilize kwa heshima, kisha usiuze. Nitakuonyesha namna ya kuihadaa simu hiyo ijione kijana, na namna ya kukaa nayo mbele za watu bila kuinamisha kichwa.

1. Kaa siku mbili bila kufanya lolote

Huu ni ujanja wa wavivu, na ndiyo maana nauanza. Baada ya sasisho kubwa, simu huwa na kazi za chinichini: inapanga upya picha zako zote, inaandaa kila programu iendane na mfumo mpya. Ndiyo sababu inapata joto hata kama hujaigusa. Ivue kifuniko, iweke kwenye chaji usiku umeme ukiwepo, mbali na ukuta unaochomwa na jua, uiache. Wapo waliouza simu siku ya kwanza kwa hasira, na mnunuzi siku ya tatu akawa anaitelezesha kama mikeke wabichi, wale samaki wa ziwani. Usimpe mtu zawadi ya namna hiyo.

2. Ikibaki nzito, shuku betri kabla ya kushuku umri

Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa.

Betri ya lithiamu huchakaa kama wavu: miaka ina lake, lakini safari ndizo zinazoimaliza. Apple wenyewe husema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa zibakize asilimia 80 ya uwezo baada ya kujazwa mara 500. Anayejaza kila siku anafika hapo kabla ya mwaka na nusu. Betri iliyochoka haiwezi tena kutoa nguvu nyingi kwa ghafla. Ukifungua kamera, umeme wake unashuka, na simu inazimika huku ikionyesha asilimia 30.

Januari 2017 Apple walitoa sasisho la iOS 10.2.1 lenye dawa ya tatizo hilo: simu ikiona betri imechoka, inajipunguzia mwendo ili isizimike. Dawa ilifanya kazi. Ila mgonjwa hakuelezwa amenyweshwa nini. Wenye iPhone 6 na 6s wakaona simu zao zinajikokota, wakaamini zimezeeka, na wengine wakaenda kununua mpya. Karibu mwaka mzima ulipita. Desemba 2017 John Poole wa Primate Labs, kampuni ya Kanada inayotengeneza kipimo cha kasi ya simu, akaanika vipimo: simu za aina ileile zilikuwa na kasi tofauti kufuatana na toleo la mfumo. Waliokuwa wamebadilisha betri nao wakasema mwendo umerudi kama zamani. Siku mbili baada ya vipimo hivyo Apple ikakiri, na tarehe 28 Desemba ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29.

Italia ikaitoza Apple faini ya euro milioni 10 Oktoba 2018, na siku hiyohiyo ikaitoza Samsung milioni 5 kwa sasisho lililoilemea Galaxy Note 4. Ufaransa ikafuata Februari 2020: euro milioni 25, kwa kosa la kutowaambia wateja. Januari 2024 wenye simu wa Marekani waliodai katika kesi yao walianza kupokea dola 92 hivi kwa kila simu. Kesi ilikuwa ya Marekani, kwa hiyo mwenye iPhone 6 wa Kalundu hakuhusika. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile inayotiwa kwenye betri hizohizo, inachimbwa katika Kongo hii hii, upande wa Kolwezi. Hilo linaniuma.

Basi chukua haki yako kwa mlango wa nyuma. Kwenye iPhone yenye iOS 11.3 ya mwaka 2018 au mpya zaidi, fungua mipangilio ya betri utazame afya yake. Ikiwa imeshuka chini ya 80, mshtakiwa umempata. Kwenye simu nyingine tazama inavyoanguka: ikiruka kutoka 40 hadi 12 wakati wa kumpigia shemeji, huna haja ya kipimo kingine.

3. Mwendee fundi kwa maneno machache

Usimwambie, "Simu yangu inachelewa." Ukisema hivyo umempa ruhusa ya kufuta kila kitu. Mwambie, "Yaya, nataka betri, na ninakaa hapahapa nikusubiri." Kisha kaa kweli.

Nilikaa siku moja kwenye meza ya namna hiyo, chini ya mwavuli, karibu na njia ya bandarini. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri boti la kwenda Baraka alileta iPhone 7. Fundi hakuiwasha. Aliilaza juu ya meza, kioo chini, akaizungusha kwa kidole kimoja. Simu yenye afya ingegoma palepale; ile ilizunguka kama pia, mara mbili na zaidi, kwa sababu betri imevimba na kukisukuma kioo kikawa na tumbo. Akafungua skrubu mbili ndogo kandokando ya tundu la chaji, akapasha kingo kwa kikausha nywele, akapitisha kipande cha kadi ya zamani ya krediti taratibu kama anayepasua samaki, kioo kikaachia. Betri hakuichokoa kwa bisibisi. Aliivuta gundi yake kidogokidogo, ameshika pumzi, maana betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Alipomaliza, mama akagusa WhatsApp na kurudisha kidole haraka kama aliyeungua: ilifunguka kabla hajawa tayari.

Swali moja tu muulize fundi kabla hajaanza: hiyo betri mpya imekaa kibandani muda gani? Iliyolala miaka mitatu kwenye joto imezeeka bila kufanya kazi.

4. Punguza mzigo, lakini chagua cha kutupa

Simu iliyojaa ni kama boti la kwenda Kalemie lililopakiwa hadi ukingoni: haijazama, ila haikimbii. Hifadhi yake haiwezi kuandika kipya mahali penye cha zamani bila kufuta kwanza, na nafasi ikiisha inashinda ikihamisha vitu huku na huku. Iachie giga mbili au tatu tupu.

Ingia WhatsApp, kwenye mipangilio, mahali pa hifadhi na data, utaona kila kundi limekula kiasi gani. Anza na kundi la familia. Zile video za "asubuhi njema" na maua yanayofunguka, futa zote. Hakuna atakayejua, na kesho zitakuja nyingine. Halafu zima ile tabia ya kupakua picha na video zenyewe, na mega zako nazo zitapona.

Ila shika mkono kidogo unapofika kwenye picha za karatasi. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kubomoa nyumba, na ziwa lilipopanda tena mwaka 2024 likaingia majumbani hapa Kalundu, vyeti na hati zilikwenda na maji. Kuna nyumba ambamo picha iliyopigwa kwa simu ndiyo nakala pekee ya cheti cha shule cha mtoto. Kwa hiyo kwanza zitume kwa ndugu aliyeko Bukavu au Bujumbura, uzihifadhi pia kwenye kadi ya kumbukumbu, ndipo ushike ufagio. Mtu akikuambia simu hiyo haina thamani, muulize anazungumzia thamani ipi.

5. Gusa mara saba

Hadaa niipendayo kuliko zote. Kwenye Android ingia mipangilio, mahali panapoeleza habari za simu, tafuta nambari ya muundo, iguse mara saba mfululizo. Simu itakuambia umekuwa msanidi programu. Pokea cheo, hukukilipia. Menyu mpya itatokea, na ndani yake mistari mitatu inayohusu uhuishaji, yaani zile mbwembwe za madirisha kuteleza na kuvimba kila unapofungua kitu. Yote mitatu ishushe hadi nusu, au zima kabisa. Mistari mingine usiiguse.

Simu haikupata nguvu hata chembe. Imeacha kucheza ngoma kabla ya kujibu, basi. Jicho litaapa kwamba ni simu nyingine.

Na hapohapo ondoa zile programu zinazojiita wasafishaji na waongeza kasi. Zinazima programu nyingine, hizo zinajiwasha upya, na betri ndiyo inayolipa. Facebook kubwa nayo itoe, weka Facebook Lite.

6. Jifunze kukataa

Kuna masasisho ya aina mbili, na watu wanayachanganya. Viraka vya usalama ni vidogo na vinaziba matundu wanayopitia wezi. Hivyo vikubali, maana pesa zako za simu zinakaa humo. Toleo jipya la mfumo ni jambo jingine. Lina uzito wa giga moja, mbili, hata tatu, na limeandaliwa na watu ambao simu iliyo mezani kwao ni ya mwaka huu. Ukiwa na simu ya miaka minne yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya giga mbili, umealikwa kwenye mbio za watoto wa shule ukiwa umebeba gunia.

Zima usasishaji wa moja kwa moja. Likija toleo jipya, subiri mwezi. Tafuta mtu mwenye simu kama yako kabisa aliyekwisha kukubali, mtazame anavyofungua kamera. Akikunja uso, umejibiwa. Ukishavuka hakuna mtumbwi wa kukurudisha: Apple huacha kuidhinisha toleo la zamani baada ya muda mfupi, na kwenye Android kurudi nyuma ni kazi inayoweza kuiua simu.

Usione haya kuwa mbahili katika hili. Sisi wa Kongo ndio tuliokatwa krediti ya simu kwa ajili ya kile kilichoitwa RAM, daftari la serikali la kusajili simu, lililoanza 2020 na kufutwa 2022 baada ya makelele ya nchi nzima. Tulilipia simu dukani, tukalipishwa tena kwa kuwa nazo. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kubonyeza "Kubali".

7. Ikikwama mbele za watu

Itakwama, najua. Umeombwa namba, wote wanakutazama, kioo kimeganda. Usigongegonge. Kila mguso unapanga foleni nyuma ya mwingine, na simu itakuja kuitekeleza yote kwa pamoja kama mlevi aliyezinduka. Gusa mara moja, kisha isogeze karibu na uso, kunja nyusi, kama unasoma ujumbe mzito. Sekunde nne za kufikiri hazijamshushia mtu heshima.

Nunua kioo kipya cha kinga na kifuniko kipya, hivyo ndivyo watu wanavyoviona. Mezani ilaze kifudifudi. Akikuuliza mtu ni ya mwaka gani, mwambie, "Hii ndiyo niliyoizoea," unyamaze. Mwenye simu mpya atajieleza mwenyewe bila kuulizwa, atataja bei, na utaona namna anavyoishika kwa mikono miwili kila pikipiki inapopita.

8. Siku ikifika

Kuna ukuta usiorukika. Tangu tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp inahitaji iOS 15.1 au zaidi, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus hazifiki huko, uzibembeleze vipi. Hilo betri hailiponyi wala kugusa mara saba hakuliponyi.

Hata hapo usiitupe. Hamisha picha zote, toa laini, futa akaunti zako, mpe mama auzaye ndagala. Pale sokoni anapokea franka za Kongo, franka za Burundi na dola kwa saa moja, na anahitaji kikokotoo na taa ya alfajiri kabla mitumbwi haijafika. Bila WhatsApp wala kitu cha kusasisha, ile simu itakaa na chaji hadi kesho yake. Nimeiona moja, imefungwa kwenye kitenge, pembe ya kioo imepasuka, magamba mawili ya samaki yamekauka juu ya namba tisa. Alipobonyeza, ilijibu papo hapo.