Muulize Mjomba Patasi: Friji Limefika, Jiko Limekataa

Wiki hii nimeweka kando barua za milango inayolia usiku, pamoja na ile ya bwana wa Dodoma anayetaka kujua kama kitanda kinaweza kuongezwa urefu bila mke kushtuka. Mkoba mzima umejaa mafriji. Inaonekana madukani ni msimu wa ofa, nasi tumeitikia kama ilivyo ada yetu: tumenunua kwanza, tutapima baadaye.

*Mjomba Patasi, shikamoo. Baba watoto alikwenda Kariakoo kununua feni, akarudi na friji la milango miwili, lile linalofunguka kama kabati la nguo. Kulifikisha jikoni tukakuta nafasi iliyopo kati ya makabati na ukuta ni ya friji letu la zamani. Sasa ni mwezi wa pili friji limekaa sebuleni, kati ya televisheni na picha ya harusi, na wageni wanajichotea soda bila kukaribishwa. Nimeita fundi. Akasimama mlangoni, akachungulia, akasema, "Haina shida, mama, hapo tunakata tu." Anataka advansi. Nimpe? – Mama wa Watatu, Tabata*

Marahaba, mama. Usimpe. Fundi anayesema "tunakata tu" kabla futi haijatoka mfukoni anakupa habari za njaa yake, si za jiko lako.

Tuingie kwenye namba. Makabati mengi ya jikoni hupangwa kwa kipimo cha sentimita 60, na nafasi ya friji hufuata humohumo, kwa kuwa friji la mlango mmoja huwa na upana wa sentimita 55 hadi 60. Hilo la baba watoto, la milango ya ubavu kwa ubavu, kwa kawaida lina upana wa sentimita 91 hivi na kimo cha karibu 178. Umepungukiwa sentimita 31 na friji bado halijapewa hewa yake. Liachie sentimita 3 kila upande, au zaidi kama kitabu chake kinavyosema, na jumla inafika 97. Kwa hiyo usikubali mtu akwangue huku na kule. Kabati moja zima la chini, la upana wa sentimita 40, linatoka, na sentimita 3 zinazosalia utazishukuru siku ya kufagia. Kama kabati la jirani ni la sentimita 80, livunjwe lote, lijengwe upya la 40.

Kwa nini lote? Kabati ni sanduku. Linasimama kwa sababu lina mbavu mbili, sakafu na mgongo. Ukipasua ubavu mmoja ili upate nafasi, milango italala upande kabla ya Idi, na ukingo wa MDF uliobaki wazi utakunywa maji ya kudekia mpaka uvimbe. Kila mahali msumeno utakapopita, ukanda wa kingo ubandikwe siku hiyohiyo. Fundi akikwambia atarudi kuubandika Jumamosi, muulize Jumamosi ya mwaka gani.

Kisha kuna topu ya graniti, kama unayo. Hapo ndipo pa kuogopa kweli. Kama sinki liko karibu, vile vipande vyembamba vilivyo mbele na nyuma ya tundu la sinki ndivyo huvunjika kwanza, na graniti iliyovunjika haigundishwi ikasahaulika. Jiwe liegemezwe pande zote mbili za mstari wa kukatia, likatwe kwa maji, na vyombo vyote vitolewe jikoni. Vumbi la graniti lina silika, nayo inaharibu mapafu bila kupiga hodi. Ukisikia grainda inanguruma na fundi hajavaa barakoa, izime kwanza, matusi yatafuata.

Kabati la juu nalo limo njiani. Kaunta ikiwa na kimo cha sentimita 90, makabati ya juu huanza kwenye 140 au 150. Friji la 178 litayapiga kichwa. Dawa yake ni kulifupisha kabati kwa chini: milango inafunguliwa bawaba, kabati linashushwa ukutani likiwa tupu, ubao wa sakafu unatolewa, mbavu zinakatwa, ubao unarudishwa juu zaidi, kisha milango mipya mifupi inachongwa. Utabaki na kabati la kimo kifupi ambalo hakuna mtu mfupi atakayelifikia. Weka sinia za shughuli. Na kati ya friji na kabati hilo acha angalau sentimita 5.

Nasisitiza hewa kwa sababu watu hudhani friji ni sanduku la baridi. Friji halitengenezi baridi. Linachota joto lililo ndani na kulimwaga nje. Zamani lilimwagwa na ule wavu mweusi wa mgongoni. Mafriji mengi ya sasa yamefichwa mabomba hayo ndani ya mbavu, ndiyo maana ukigusa ubavu wake mchana unakuta moto. Ukilibana kati ya mbao, joto halina pa kwenda, mota haipumziki, na uniti za LUKU zinaisha ukiwa bado unamdai baba watoto maelezo. Na fundi asithubutu kupiga skrubu kwenye ubavu wa friji ili "lisicheze". Mbali na kutoboa bomba, mafriji mengi mapya yanatumia gesi ya R600a, nayo inawaka. Imeandikwa pale nyuma, karibu na kompresa.

Mawili ya mwisho, kisha nikuache. Soketi isifichwe nyuma ya friji. Ihamishiwe pembeni, mahali mkono unapofika umeme ukianza kuchezacheza. Pili, friji likikaa kando ya ukuta mtupu, mlango wa upande huo utafunguka nusu, na droo ya mboga haitatoka. Pima mlango ukiwa wazi kabisa, tena huku umevuta droo.

Baba watoto mwambie kwa upole kwamba ile ofa bado anailipia.

*Mjomba, salaam aleikum. Mimi nimepanga Kisauni. Mume wangu yuko Maskati, amenitumia friji kubwa kwa meli. Mwenye nyumba ametengeneza makabati yake ya mbao nzuri, na amesafiri kwenda kwa mwanawe mpaka mwisho wa mwezi. Jirani ananiambia nikate tu, akirudi nitamwambia ni mchwa. – Mpangaji Mpole*

Waaleikum salaam, binti yangu. Mchwa hawakati mstari ulionyooka.

Umeme usikupe wasiwasi: Oman wanatumia plagi ileile ya pini tatu bapa, na volti ni zilezile. Makabati ndiyo si yako. Mpigie simu mwenye nyumba leo, umwombe ruhusa, naye akuandikie ujumbe utakaoutunza. Akikubali, usikate hata inchi moja. Kabati lililoshikwa kwa skrubu linaweza kutoka zima na kurudi zima. Skrubu zake ziweke kwenye mfuko uliofungwa ndani ya kabati lenyewe. Ila lisilazwe uani: chumvi ya pwani itakula bawaba kabla hujahama. Akikataa, friji likae ukumbini. Mumeo akija likizo alitazame kila akila chakula cha jioni.

*Mjomba, nipo Minneapolis. Mama yangu yuko Moshi. Nilimtumia friji la Kimarekani ndani ya kontena, nikatuma na hela ya fundi. Makabati yakavunjwa, friji likaingia vizuri sana, likawashwa, likatoa mlio mmoja, likanyamaza. Mama anasema ni zuri, ameweka shuka humo. Tatizo ni fundi wa makabati? – Mtoto wa Kwanza*

Hapana, mwanangu. Fundi wa makabati ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake katika hadithi hii.

Huko kwenu umeme ni wa volti 120 na hezi 60. Moshi ni volti 230 na hezi 50. Ule mlio mmoja ulikuwa kwaheri. Watu watakushauri utume transfoma, na kweli transfoma itashusha volti, lakini hezi haizigusi. Mota iliyoundwa kuzungukia hezi 60 itazunguka polepole na kupata joto, isipokuwa friji limeandikwa wazi kwamba linapokea zote mbili. Soma kibandiko kabla ya kulipia kontena. Friji lililouzwa Dubai au Uingereza lingekwenda bila maneno.

Hata hivyo usijione peke yako. Huko ulipo nyumba nyingi za miaka ya 1950 zilijengwa na nafasi ya friji la siku zile, na waliozirithi wanafupisha makabati ya juu ili la inchi 36 liingie. Ni taabu ileile ya Tabata, tofauti ni theluji. Mama mnunulie friji hapahapa nchini, jembamba kiasi, na shuka zake usiziguse.

*Mzee Patasi, nasomea usanifu wa majengo. Bibi yangu alipika juu ya mafiga matatu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chungu hakienei. Ni nani huyu aliyetuletea makabati ya kupimwa kwa sentimita? – Mwanafunzi, Ubungo*

Swali zuri, na nitalijibu ingawa halina friji. Mwaka 1926 mwanamke msanifu kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa jiji la Frankfurt: mita 1.9 kwa 3.4, kila kabati limepimwa ili mpishi asipoteze hatua. Yalijengwa majiko kama hayo karibu 10,000. Friji hakuliwekea nafasi. Majiko ya kupangwa ya leo, pamoja na hilo la mama wa Tabata, yana damu ya jiko lile.

Na utafurahi kujua kwamba bosi wake katika mradi huo, Ernst May, mwaka 1934 alikuja Tanganyika akawa mkulima karibu na Arusha, baadaye akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Mji wa Kampala ulipopanuliwa miaka ya 1940, naye alichora ramani. Sisemi ndiye aliyetuletea makabati. Nasema mtihani ukija na swali hilo, jibu unalo.

*Mjomba, mimi ni fundi mwenzako, Morogoro. Tunasemwa sana. Mteja ananiambia nijenge jiko la friji dogo, namaliza, napiga vanishi, wiki ya pili anakuja na friji la hoteli na kusema nafasi nimekosea mimi. Nifanyeje? – Fundi Aliyechoka*

Mwenzangu, hapa nakusimamia. Mteja ana haki ya kubadili mawazo, nawe una haki ya kulipwa kwa kila wazo.

Kuanzia sasa usishike msumeno mpaka uone friji lenyewe au ukurasa wa vipimo vyake. Ukurasa huo upige picha, mteja aweke sahihi chini yake. Akisema friji atanunua baadaye, mwachie nafasi ya sentimita 100, bila kabati juu yake mpaka kimo cha sentimita 190, na pengo lililozidi lizibe kwa rafu nyembamba ya chupa iliyofungwa kwa skrubu nne. Friji kubwa likija, rafu inatoka kwa dakika tano. Soketi iwekwe pembeni tangu mwanzo. Kisha pima na mlango wa jiko. Milango mingi ya ndani ina upana wa sentimita 80 hivi, na friji la 91 haliingii humo kwa dua. Ama lipitishwe kiubavu kwa ule upande wa kina chake, milango yake ikiwa imetolewa, ama fremu ing'olewe. Gharama ya fremu iandike kwenye makisio, si kwenye ugomvi.

Wasomaji wengine barua zenu nimezipata. Zile zinazosema "friji ni kubwa sana" zimebaki chini ya mkoba. Nitajibu zenye upana, kimo na kina cha friji, upana wa mlango wa jiko, na jina la aliyelinunua bila kuuliza.