Mtaro Wetu Usiguswe

Wanaoisema mitaro ya kata yetu ya Kawajense hawajui thamani ya kuhifadhi. Pampasi, chupa za maji, maganda ya miwa: vyote vimetunzwa humo, na masika yakifika hugawiwa nyumba kwa nyumba bila ubaguzi.

Tazama wenzetu wenye pupa. London, mwaka 1858, Mto Thames ulinuka kupita kiasi kiangazi kimoja tu; mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa, wabunge wakaziba pua, na sheria ya mabomba ya majitaka ikapita ndani ya wiki chache. Harufu ya msimu mmoja! Hata sisi tuliwahi kuteleza: mwaka 1973 redio ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakashika majembe wakachimba vyoo, wala posho ya kikao hawakuingoja.

Sasa tumekomaa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi maduka yanafungwa, tunazoa tope jeusi kwa koleo na kulilaza ukingoni mwa mtaro lisubiri gari. Gari nalo lina busara zake, haliji mbio. Mvua ikiwahi, tope linarudi kwao, nasi mwezi ujao hatukosi kazi. Kuna miji mingapi yenye ajira ya uhakika hivyo?