Sifa za Njia

Mnazi umeshasifiwa vya kutosha, na bahari pia. Njia ya Hisabati haijapata wa kuisifu. Namaanisha ile mistari ya daftarini ambayo mwalimu anaidai hata pale jibu lilipo sahihi, na asiyeiandika huulizwa kwa sauti ya mpelelezi ameangalizia kwa nani.

Tuanze na nasaba, maana mheshimiwa hasifiwi kabla hajatajiwa wazazi. Huko Baghdad, karibu mwaka 820, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra kisicho na x wala alama ya sawasawa. Kila hatua ni maneno. Swali lake mashuhuri ni hili: namba fulani ikizidishwa kwa yenyewe, kisha ukajumlisha mara 10 ya namba hiyo, unapata 39. Gawa 10 kwa mbili: 5. Zidisha 5 kwa 5: 25. Jumlisha na 39: 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Mtoto mtundu angejaribu 1, akajaribu 2, akajaribu 3, akaona kwamba 9 na 30 ni 39, akatoka kwenda kucheza. Amefika mapema, sawa. Lakini mpe 56 badala ya 39, kisha 75, kisha namba isiyo na kipeuo kizuri, umwone akirudi kimyakimya kumtafuta mzee wa Baghdad.

Njia ina huruma ambayo sijaiona kwingine: inamlipa aliyekosea. Fundi ambaye ukuta wake umeanguka hapewi hata senti kwa kuwa msingi aliuchimba vizuri. Mwanafunzi aliyeandika kwenye mstari wa pili kwamba 3 × 4 ni 14, akaibeba 14 yake kwa uaminifu hadi chini, anaondoka na alama za njia. Mashine haina moyo huo. Mwaka 2012, mtihani wa darasa la saba Tanzania ulipoanza kutumia fomu za kusahihishwa na mashine, kazi ya mtahiniwa wa Hisabati ikawa kuweka kivuli kwenye herufi. Tuseme maswali ni 40 na kila swali lina herufi 5: aliyefumba macho anaweza kutarajia 8, na hakuna wa kumuuliza amezipataje. Baadaye maswali machache ya kuonesha njia yalirudishwa. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa jirani msumbufu.

Msumbufu kweli. Jumlisha 1⅔ na 2¾. Geuza ziwe sehemu guni, 5/3 na 11/4. Tafuta kigawe kidogo cha shirika, 12. Andika 20/12 na 33/12. Jumlisha, 53/12. Rudisha iwe sehemu mchanganyiko, 4 na 5/12. Ukurasa umekwisha, muuza madaftari ameshukuru, na mama wa gengeni amekwisha kumrudishia mteja wa tatu chenji bila kugusa kalamu.

Njia ina hata mtemi wake, MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Vizazi vimemkariri, na wengi bado wanamtii kuliko anavyostahili. Mpe 10 − 4 + 3. Mtiifu anaona JU imetangulia TO, anajumlisha 4 na 3 kwanza, anapata 7, anatoa, anajibu 3. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa ni ndugu wa cheo kimoja na hushughulikiwa kwa mfuatano kutoka kushoto. Sasa angalia uzuri wa njia: mtiifu huyu angeandika 3 peke yake, tungesema hajui kutoa. Kwa kuwa ameonesha mistari yake, tunajua kutoa anajua sana, na kwamba aliyempoteza ni mtemi.

Watasema haya yote yanatokana na kutoaminiana. Ndiyo. Sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi inahusu wasia na mirathi, na humo ndimo njia inapolipwa mshahara wake kamili. Marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, na baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi milioni 24. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke apate 1/8, mama 1/6, kinachobaki cha mtoto. Ukitoka chumbani na majibu tu, milioni 3, milioni 4 na milioni 17, utakuwa umewaachia wajomba ugomvi wa miaka. Unakaa mkekani, unaomba karatasi, unaanza na kigawe cha 8 na 6. Hujafika mstari wa pili, bibi wa marehemu, ambaye hana fungu lolote katika hesabu hiyo, anainua mkono:

"Mwanangu, hebu rudi nyuma. Hiyo 24 ya karatasini ndiyo ile milioni 24, au umeitoa wapi?"