Embe la Chupa na Friza ya Mkaguzi

Wenye ndoa zenu mtanielewa: nyumbani kwangu Tabata, friza si yangu. Niliilipia mimi, nikaisindikiza mwenyewe kwenye guta kutoka Kariakoo huku nimeishikilia kamba, lakini mwenye nayo ni mke wangu, ambaye humu ndani tunamwita Mkaguzi Mkuu. Humo hulala barafu zake za biashara, za ubuyu, za ukwaju na za embe, zimepangwa kwa rangi kama majalada ya wizara. Ukitaka kuweka samaki wako, unaomba. Ukitaka kupoza maji, unaeleza ni ya nani na yatatoka saa ngapi.

Sasa fikiria Februari ya Dar es Salaam. Upepo wa kaskazi upo, lakini Tabata haufiki. Unaishia kwa wenye nacho kule Masaki. Jua linapiga nyuzi 32 na ushee, unyevu wa bahari unakaa juu yake, jasho halikauki na feni inazungusha joto lile lile. Jumamosi ya namna hiyo ndipo aliposhuka shemeji yangu, kaka yake Mkaguzi. Watoto wanamwita Anko Transiti, kwa kuwa kila siku yuko safarini na hakuna anayejua anafanya kazi gani. Hata mama yake mzazi ukimuuliza, anabadilisha mazungumzo.

Mkononi alikuwa na chupa ya vodka yenye picha ya embe lililokatwa nusu, linachuruzika.

"Shem," akasema, "hii imetengenezwa kwa ajili ya joto."

Tukaionja kwenye vikombe vya kahawa, maana glasi zimo kabatini na ufunguo wa kabati unakaa na Mkaguzi, ambaye alikuwa kwenye kikao cha kikoba. Vodka iliyotoka kwenye begi lililokaa juani haina staha. Ukali unakupanda puani kabla ulimi haujaambiwa kitu, kisha nyuma yake unakuja utamu wa pipi ya mkopo. Mtu wa pwani ukimwambia embe, anakuuliza embe gani: dodo, bolibo au sindano? Hili halikuwa lolote kati ya hayo. Halikuwa na utomvu, halikuwa na ule uchachu wa karibu na kokwa, wala halikuacha nyuzi kwenye meno. Lilikuwa embe la kusimuliwa.

"Hebu nisomeeni hiyo karatasi," ikasema sauti kutoka chini ya mwarobaini. Ni mama mkwe, ambaye sisi tunamwita Jaji, ingawa si mbele yake. Alikuja kutoka Marangu kutibiwa magoti, na toka Krismasi magoti yanatibiwa na hukumu zinatolewa.

Anko Transiti akasoma: vodka, ladha ya embe.

"Ladha," Jaji akarudia. "Embe lenyewe liko wapi?"

Hapo ndugu zangu tulipigwa somo la mbege mpaka kivuli kikahama. Kwao ndizi zinaivishwa, zinapikwa, zinaachwa zichachuke, kisha unaingia uji wa ulezi na ukakasi wa magome ya msesewe. Tunda limo, unaliona hata kwenye kata. Hii ya kwenu, akasema, imetokana na nini? Nikamwambia nafaka, au viazi. Inakenekwa mpaka ladha ya asili inakaribia kwisha kabisa, halafu ndipo inatiwa harufu ya tunda. Jaji akamtazama mwanawe kwa muda. "Yaani wanaitoa ladha, halafu wanaitafutia nyingine." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Lakini hakuitupa. Kijana wa madafu alikuwa anapita na baiskeli yake, akaitwa. Jaji akaagiza ndimu na chumvi. Mnakumbuka embe bichi la getini shuleni, la chumvi na pilipili? Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake: utamu mtupu unachosha, mpe kitu cha kubishana nacho. Basi sehemu moja ya vodka, tatu za maji ya dafu, ndimu nusu ikamuliwe mpaka ganda ligeuke nje ndani, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Jamani! Ukali ukarudi nyuma, utamu ukashika adabu, na lile embe la kusimuliwa likaanza kufanana na embe la sokoni. Kilikosekana kitu kimoja tu, ubaridi.

Anko Transiti ni mtu wa mawazo, na mawazo yake huwa yanatekelezwa kwenye mali za watu. Akachukua vifuko vya nailoni vya Mkaguzi, akachanganya upya kwa mkono wake mzito, nusu kwa nusu, akafunga mafundo na kuvipanga kwenye friza. Upande wa barafu za embe, rangi ile ile.

Mwanangu Neema, darasa la sita, ndiye meneja mauzo. Jumapili mchana watoto wa mtaa wakagonga geti na sarafu zao, Neema akafunua friza, akabonyeza kifuko, akabonyeza kingine, akafunga mfuniko.

"Mama, za embe zimegoma. Ni uji. Siuzi, wateja watarudisha."

Mungu ambariki mtoto anayejali biashara. Maji huganda kwenye sifuri, lakini vodka ya asilimia 40 inataka karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza za majumbani huishia kwenye 18. Chupa nzima ingeweza kukaa humo hadi masika na isigande. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unaishia kuwa uji, na uji una maelezo yake.

Mkaguzi akatoboa kifuko kimoja, akanusa. Watoto wakapewa za ubuyu. Kisha akaniita kwa jina langu la kikao.

"Baba Neema. Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Wewe umefungua kiwanda kwenye friza yangu?"

Nikageuka kumtafuta Anko Transiti. Alikuwa nje ya geti, ana simu ya muhimu sana.

Barafu zote za embe zilimwagwa, za halali na za haramu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonja moja moja. Nikaosha friza kwa maji ya moto na limau, nikanunua umeme wa LUKU wa mwezi mzima, nikafidia mauzo. Nilikata rufaa kwa Jaji. Akasikiliza pande zote, akaamuru chupa ipelekwe chumbani kwake, na tangu hapo anaichulia magoti. Kila jioni ukipita mlangoni pake unakutana na harufu ya embe. Anasema yanaendelea vizuri.

Kwa hiyo ukiletewa yako kwenye joto hili, vipimo umeshavipata: moja kwa tatu, ndimu nusu, chumvi kidogo. Barafu iwe ya maji matupu, na friza iwe ya jirani.