Nimelipia Nafasi Tupu

Mwezi wa saba hapa Lemara, Mlima Meru hauonekani, jua halionekani, na sola yangu imekaa juu ya bati kama pambo. Muuzaji aliniapia kwamba inafanya kazi hata kukiwa na mawingu. Kweli inafanya: inawasha kile kitaa chekundu cha kunitangazia kuwa betri inakata roho.

Nikamlalamikia mpwa wangu anayesoma Tengeru. Badala ya kupanda juu ya bati, akanipa somo.

"Mjomba, silikoni ya sola ikiwa safi kabisa haipitishi umeme wa maana."

Kwa hiyo wanaisafisha kwa gharama kubwa hadi uchafu unakaribia kwisha, kisha wanaichafua upya kwa kipimo: atomu moja ya boroni kwa mamilioni ya silikoni, na upande mwingine fosforasi, ambayo imo hata kwenye mwamba wa Minjingu tunaotilia mahindi. Kusafisha nimelipa mimi, kuchafua nimelipa mimi.

Fosforasi ina elektroni tano za nje. Kushikana na silikoni kunataka nne, ya tano inabaki kuzurura. Hapo sina ugomvi, kitu kipo na kinatembea. Ugomvi wangu ni boroni. Ina tatu tu, inaacha tundu, na chalii ananiambia kwa uso mkavu eti tundu nalo linatembea, tena lina chaji chanya. Pengo! Nimelipia pengo!

"Mjomba, daladala ikijaa konda anasemaje?"

Songa nyuma, nafasi ipo. Aliye jirani na nafasi anarudi nyuma, wa mbele yake anachukua pale alipotoka, na nafasi inasafiri hadi mlangoni bila mtu kuibeba. Hapo konda anaiuza kwa nauli kamili. Nilinyamaza, maana nafasi hiyo nimeshainunua sana, nikaning'inia nayo hadi Kilombero.

Mwanga ukipiga, elektroni inang'oka na kuacha tundu. Pale pande mbili zinapokutana, elektroni na tundu hutenganishwa, kila kimoja na njia yake. Seli moja hutoa kama nusu volti. Baridi haina kosa, anasema, kwani paneli ikipata joto ndipo volti hushuka. Yaani Januari jua lipo, joto linalila. Julai baridi ipo, jua hakuna. Kitu hiki kilitakiwa kufungwa Kibo.

Nikauliza kama vumbi lililojaa juu ya kioo nalo linazaa elektroni. Akasema hilo ni uchafu tu, akaenda kuazima ngazi, simu yake kaiacha imechomekwa kwenye betri yangu.