Jinsi ya Kupanda Cheo katika Jeshi la Anga la Mfalme, 1919–1939

Mwongozo huu ni wako wewe kijana unayetaka kuwa ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, katika ile miaka 20 iliyozitenganisha vita kuu mbili. Usijali kwamba umezaliwa kwa kuchelewa. Waliopanda vyeo wakati ule ndio walioamua baadaye London ilindwe vipi, Hamburg ipigwe vipi, na mmoja wao akaja kukaa Ikulu ya Nairobi. Njia waliyopita inafaa ijulikane.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wazazi. Masharti ya kupewa uofisa yalitaka mwombaji awe na asili halisi ya Kizungu, na sharti hilo lilisimama hadi Oktoba 1939. Ungekuwa hodari wa hesabu kiasi gani, ungekuwa na macho ya mwewe, kama umezaliwa na Wahindi wa Bombay au Waafrika wa Lagos au Mombasa, safari yako iliishia mlangoni. Linaloniuma zaidi ni kwamba jeshi lenyewe lilikuwa na ushahidi mkononi. Mwezi Julai 1918 Indra Lal Roy, kijana wa Kalkata, aliangusha ndege 10 za Wajerumani katika muda usiofika wiki mbili, kisha akauawa angani Ufaransa akiwa na umri wa miaka 19. Nishani walimpa. Amani iliporudi, vijana waliofanana naye wakafungiwa nje kwa miaka 20. Mengine yote utakayosoma hapa mtu aliweza kuyapata kwa juhudi, kwa bahati au kwa kujuana. Hili halikuwa na dawa.

Haya, tuseme wazazi umewapata. Sasa chagua mlango, na uchague haraka, maana nafasi ni chache: jeshi lililomaliza vita likiwa na watu karibu 290,000 lilipunguzwa mpaka wakabaki kama 30,000. Mlango wa heshima ni Chuo cha Cranwell, kilichofunguliwa Februari 1920. Hapo unakaa miaka miwili, na baba yako analipa ada. Kama baba hana fedha, kuna mkataba wa muda mfupi: unarusha ndege miaka michache, unapewa kiinua mgongo, unaingia jeshi la akiba na kurudi uraiani kutafuta kazi. Marubani wengi waliingia kwa mlango huu, na wengi wao hawakufika mbali, kwa sababu vyeo vya juu viliwekewa wale wa Cranwell na maofisa wa kudumu waliobaki kutoka vitani.

Mlango wa tatu ni mwembamba, nao ndio ninaoupenda kuliko yote: uingie kama kijana wa ufundi, ushike spana na kisugulio, halafu uombe Mungu wakuone. Frank Whittle, mtoto wa fundi wa mashine wa Coventry, alifanya hivyo. Alifaulu mtihani wa kuingia, daktari akamkataa kwa ufupi. Akafanya mazoezi, akala alivyoelekezwa, akaongezeka inchi kadhaa, akarudi. Wakamkataa tena, kwa sababu mtu akishakataliwa faili lake limefungwa. Akaomba upya kana kwamba hajawahi kuomba, na mwaka 1923 akapokelewa. Miaka mitatu baadaye ukafika wakati wa kuchagua vijana wachache wa ufundi wapandishwe kuwa makadeti. Jina lake lilikuwa nje kidogo ya idadi iliyotakiwa. Aliyekuwa juu ya orodha akaanguka uchunguzi wa afya, na Whittle akavutwa ndani.

Soma tena hapo. Mtu aliyekuja kuwapa Waingereza injini ya jeti aliingia uofisa kwa sababu mwenzake alishindwa kwa daktari. Na alipoingia, mashaka hayakwisha. Januari 1930 aliomba hataza ya injini yake. Mwaka 1935 hataza hiyo ilitakiwa kulipiwa pauni 5 ili iendelee. Mwenyewe hakuwa nazo, Wizara ya Anga ikasema haitalipa, hataza ikafa. Pamoja na hayo, jeshi hilohilo lilimpeleka Cambridge kusomea uhandisi, akatoka na daraja la kwanza mwaka 1936, na kampuni ilipoanzishwa kuijenga injini, wizara ikamruhusu kuifanyia kazi isiyozidi saa sita kwa wiki. Saa sita! Injini iliwaka kwa mara ya kwanza Aprili 1937. Nikilitazama jambo hili sioni ukatili, naona ofisi isiyojua ina nani ndani yake, na hilo linatisha vilevile.

Ukishapata uofisa, jambo linalofuata ni barua ya uhamisho, na hapa mwalimu yeyote wa shule ya serikali atanielewa bila maelezo. Uhamisho ulichapwa katika magazeti ya mambo ya ndege, safu ndogo za herufi ndogo, wiki baada ya wiki. Zisome kwa makini kama zilivyosomwa na wake, akina mama na mahasimu. Jina la cheo, jina la mtu, kituo anachokwenda, tarehe. Huyu kwenda makao makuu ya Iraki. Huyu kwenda bohari ya Uxbridge baada ya kurejea kutoka ng'ambo: maana yake amemaliza muda wake kwenye joto, amerudi na sanduku lake, anasubiri kupangiwa. Huyu amewekwa kwenye orodha ya nusu mshahara: maana yake hakuna anayemhitaji kwa sasa, lakini bado hajafukuzwa. Huyu ameacha uofisa kwa sababu ya afya. Huyu amestaafu kwa ombi lake mwenyewe, na hapo ndipo wasomaji wenye uzoefu walipojiuliza ni nani hasa aliyeomba. Mstari mmoja ulibeba nyumba nzima: watoto kuhamishwa shule, mbwa kuachiwa jirani, safari ya meli ya majuma kadhaa.

Kuhusu nyumba, usioe mapema. Ofisa mwenye umri chini ya miaka 30 hakupewa posho ya ndoa. Mbele ya mhasibu alikuwa kapera, hata kama ana mke na mtoto chumba cha pili. Whittle alioa mwaka 1930 akiwa na miaka 22, na umaskini wa nyumba ile ni sehemu ya sababu pauni 5 hazikupatikana.

Vituo vizuri ni vingapi? Andover ni kizuri sana. Chuo cha unadhimu kilifunguliwa hapo mwaka 1922, na aliyepita Andover alijulikana kwa wakubwa kwa uso na kwa jina. Mitihani yake jiandae, ni migumu. Malta si haba. Misri ina klabu na mchezo wa polo. Mpaka wa kaskazini-magharibi wa India una milima, risasi na ndege kuukuu. Aden ina jua. Lakini kama unataka kupanda, omba Iraki.

Sababu ya Iraki inaanzia jirani na kwetu, Somalia. Januari 1920 ndege 12 zilitumwa Berbera kumpiga Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, aliyekuwa amewasumbua Waingereza kwa miaka 20. Kwa majuma machache ngome zake zikavunjwa, na hesabu iliyopelekwa London ilikuwa pauni 77,000 tu. Hugh Trenchard, Mkuu wa Jeshi la Anga, alikuwa akipigana na jeshi la nchi kavu na jeshi la majini waliotaka kuligawana jeshi lake changa, na hesabu hiyo ikawa ngao yake: tawaleni makoloni kwa ndege, ni rahisi kuliko kulisha askari. Mkutano wa Cairo wa Machi 1921 ukakubali, na Oktoba 1922 majeshi yote ya Uingereza huko Iraki yakawekwa chini ya ofisa wa anga, John Salmond. Kijiji kikikataa amri au kodi, kinaonywa, kisha kinapigwa mabomu. Nauita mauaji ya watu wasio na uwezo wa kujibu, na sioni jina lingine linalolingana nalo.

Walioifanya kazi hiyo walipanda. Salmond alikuja kuwa mkuu wa jeshi zima mwaka 1930. Arthur Harris, aliyeongoza kikosi cha 45 huko na kuzigeuza ndege za kubebea watu kuwa za mabomu, mwaka 1942 alikabidhiwa kamandi nzima ya ndege za mabomu. Naibu wake katika kamandi hiyo, Robert Saundby, alikuwa chini yake kulekule Iraki.

Sasa msikilize Lionel Charlton, maana miongozo ya kupanda cheo humwacha. Charlton alifika Baghdad mwaka 1923 akiwa mnadhimu mkuu, mtu wa vita vya Makaburu na vya Ufaransa, mwenye nishani kifuani. Siku moja alitembelea hospitali ya Diwaniya. Humo wodini akawakuta wenyeji waliojeruhiwa na mabomu, na mabomu yale yalikuwa ya ndege za kamandi yake mwenyewe. Kwenye ramani ya ofisini pale palikuwa alama ya penseli. Hapa palikuwa na watu vitandani. Hakuweza kuendelea. Aliomba aondolewe kwenye kazi ile kwa sababu hakubaliani nayo, na akarudishwa Uingereza. Hakukuwa na uchunguzi wa hadhara wala kesi. Alipewa kituo cha nyumbani, na mwaka 1928 akastaafu kwa ombi lake mwenyewe, akawa mwandishi wa vitabu. Ukitaka cheo, usiingie wodini. Ukitaka kujua ofisa gani alistahili saluti katika Iraki ile, mimi nampigia Charlton.

Baada ya Iraki, uwe karibu na meza. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika jeshi lenye maofisa wachache kiasi hicho karibu kila mkubwa alijua nani alikuwa na nani Ufaransa mwaka 1916. Trenchard mwenyewe alikuwa amejiuzulu mwaka 1918 kwa ugomvi na waziri. Winston Churchill alipoichukua wizara mwaka 1919 alimrudisha, na Frederick Sykes aliyekuwa kitini akasogezwa kwenye usafiri wa anga wa kiraia. Trenchard akakaa hadi mwisho wa 1929. Kiti kikaenda kwa John Salmond, na Aprili 1933 John akamwachia kaka yake, Geoffrey. Geoffrey alifariki mwezi huohuo kwa ugonjwa, John akarudi kukishikilia mpaka apatikane mwingine. Sidai ndugu hawa hawakufaa. Geoffrey ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga India wakati watu 586 walipotolewa Kabul kwa ndege katika baridi ya 1928 na 1929, kazi iliyookoa maisha. Nasema tu chumba kilikuwa kidogo.

Wasiopendeza chumbani walilipia. Hugh Dowding alikuwa mkimya, mkavu, mgumu kukubali upuuzi. Alidokezwa kwamba angekuwa Mkuu wa Jeshi la Anga. Mwaka 1937 kiti akapewa Cyril Newall. Dowding akabaki na Kamandi ya Ndege za Kivita, akajenga mfumo wa rada, simu na vyumba vya kuongozea marubani, huku wizara ikimwandikia barua kuhusu tarehe ya kustaafu, kisha kuisogeza, kisha kuisogeza tena. Kiangazi cha 1940 mfumo wake uliiokoa nchi ile, na kabla mwaka haujaisha wakamwondoa. Hapa sina ushauri wa kukupa, ila kwamba kazi nzuri haitoshi.

Kama unapenda Afrika, mfuate Wing Commander Pulford, aliyeongoza ndege nne kutoka Cairo hadi Cape Town na kurudi mwaka 1926, zikitua Kisumu na Tabora njiani, na zote nne zikafika salama. Au ungoje ustaafu: Robert Brooke-Popham, mkuu wa kwanza wa chuo cha Andover, alivua sare mwaka 1937 akaja kuwa Gavana wa Kenya. Miaka michache baadaye wawili hawa walikutana Singapore, mmoja mkuu wa majeshi ya Mashariki ya Mbali na mwingine mkuu wa ndege zake, wakiwa na ndege chache na dhaifu mbele ya Wajapani. Pulford alikufa mwaka 1942 kwenye kisiwa alikokwama akitoroka.

Na wale waliokosea kuchagua wazazi? Wahindi waligongagonga mlango mpaka wakafunguliwa dirisha. Kuanzia 1930 vijana wachache walipokelewa Cranwell, lakini si kwa ajili ya RAF: liliundwa Jeshi la Anga la India, Oktoba 1932, ili ofisa Mhindi asije akamwamuru askari Mzungu. Aprili 1933 lilianza Karachi na ndege nne kuukuu aina ya Wapiti. Mmoja wa marubani wake watano wa kwanza aliitwa Subroto Mukerjee. India ilipata uhuru mwaka 1947, na hata baada ya hapo jeshi lake la anga liliongozwa na Waingereza watatu, mmoja baada ya mwingine. Mukerjee alikabidhiwa kiti hicho tarehe 1 Aprili 1954.